Uamuzi Mmoja Kabla ya Wali wa Mchana

Jumatatu, 8 Julai

Daftari hili kanipa binti yangu Fenosoa jana, kabla hajapanda gari kurudi Tamatave kazini kwake. "Baba," akasema, "kila siku andika uamuzi mmoja, mmoja tu, uliouamua kabla ya wali wa mchana. Si uliokuwa unaufikiria. Uliouamua."

Nikamwambia sawa, nitalifikiria jambo hilo. Akacheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Mimi sikuona kichekesho.

Nina miaka hamsini na tisa. Banda la kuandalia vanila alilolijenga marehemu baba limenizidi umri. Mwaka juzi niliingoja bei ya vanila mbichi ishuke, ikapanda. Mwaka jana niliingoja bei ya vanila kavu ipande, ikashuka. Msimu huu nao ukiharibika, banda linakwenda, na wanawake kumi na wanne wanaokula kwa mikono yao humo wanakwenda nalo. Sina haja ya kuupamba ukweli huo.

Uamuzi wa leo: kuanza daftari.

Jumanne, 9 Julai

Rasharasha tangu alfajiri. Hakuna uamuzi. Jumanne kwetu ni siku ya mwiko, kazi haifanywi. Dada Soazara anasema mwiko ni wa kulima mpunga, haujakataza mtu kutumia kichwa.

Jumatano, 10 Julai

Uamuzi wa leo: kununua kamba mpya ya vichanja. Nimenunua. Nyembamba.

Alhamisi, 11 Julai

Soko la vanila mbichi limefunguliwa leo. Wakulima wameteremka kutoka milimani na vikapu vichwani, kila ganda limetobolewa kwa sindano alama ya mwenyewe, ili mwizi akikamatwa nalo asiwe na la kusema.

Nilikwenda na Soazara. Niseme ni nani, maana daftari halimjui. Ndiye msimamizi wa sufuria, tunamochovya vanila kwenye maji ya moto. Aliingia bandani msichana, wakati wa baba, sasa ana miaka sitini na minne. Kipimajoto cha maji tunacho, kimetundikwa ukutani, lakini yeye hutia kidole tu kisha anasema "bado" au "tia". Sijawahi kuona amekosea. Hanisujudii hata kidogo, na mbele za watu hunikosoa kama mdogo wake, ambaye kwa umri ndiye mimi.

Saa mbili asubuhi tulipata shehena ya mtu wa bonde la juu, vanila ndefu, nono, ncha zimeanza kuingia umanjano. Nikaipinda. Nikainusa. Nikaizunguka. Nikamuuliza mzee yule shamba lake linatazama wapi.

"Baba Fenosoa," Soazara akaninong'oneza, "unanunua au unaposa?"

"Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo. Velontsara huyo anakuja."

Velontsara ana mabanda matatu na hajatimiza miaka arobaini. Nikasema nikanywe kahawa kwanza nipate kutulia. Nilipoweka kikombe chini, mzee yule alikuwa akikunja vikapu vitupu. Velontsara alinisalimu kwa heshima zote: "Shikamoo, Baba Fenosoa, leo kahawa ni nzuri?" Mtoto mshenzi.

Tulichopata tulikipata mchana, mabaki ya wengine, nyingine imechumwa kabla ya wakati.

Jumamosi, 13 Julai

Manunuzi yamekwisha. Bandani kuna lundo linalonifika kifuani. Msimu wangu wote uko pale, juu ya majani ya migomba.

Jumapili, 14 Julai

Sufuria la kwanza la msimu haliwashwi hivi hivi. Mzee wa ukoo wetu, Baba Mkubwa Bemihary, ndiye huja na fimbo yake nyekundu, akamimina rum chini ya nguzo ya mashariki na kuwaambia mababu kwamba kazi inaanza. Ndivyo alivyofanya baba, ndivyo nilivyofanya misimu yote. Lakini Baba Mkubwa yuko ng'ambo, mguu umevimba, na mto umejaa, mtumbwi hauvuki.

Soazara amenijia mara tatu leo. Mara ya tatu alinishika mkono, akauingiza ndani ya lundo mpaka kwenye kiwiko. Ndani kuna joto.

"Vanila ikishachumwa haina subira," akasema. "Tuwashe."

"Kesho Mzee atapata njia."

Jumatatu, 15 Julai

Mzee hakupata njia. Ila mwuza mchele mmoja kavuka kwa shida asubuhi akaniletea maneno yake: "Mwambieni Jaofeno mguu uliovimba ni wangu, si wa vanila. Amimine mwenyewe awashe moto."

Wanawake wakapiga vigelegele, mmoja akaanza kuchanja kuni. Nikawasimamisha. Mwuza mchele namjua, ana ulimi mrefu, na neno likivuka mto linaweza kufika na miguu mingine. Je, kama Mzee amesema mwaka huu nisiwashe kabisa? Je, nikiwaudhi wazee waliolala, halafu msimu uharibike, nani atalaumiwa?

"Utalaumiwa wewe," akasema Soazara, "kwa hali zote mbili. Basi si bora ulaumiwe na vanila iliyoiva?"

Nimempa mwuza mchele ujumbe arudi nao, Mzee athibitishe kwa kuniletea kofia yake.

Uamuzi wa leo: kuuliza tena. Hata mimi naona si uamuzi.

Jumanne, 16 Julai

Mwiko. Mvua.

Jumatano, 17 Julai

Kofia imefika jioni, imelowa. Pamoja nayo maneno haya, na mwuza mchele aliyasema kwa raha mbele ya banda zima: "Hiyo kofia. Unataka na suruali?"

Alhamisi, 18 Julai

Leo tumewasha.

Nilimimina rum chini ya nguzo. Maneno niliyachanganya, nikawaomba mababu radhi kabla sijawaamkia. Kisha tukalifungua lundo. Juu kulikuwa kuzuri, kijani kibichi, nikaanza kupumua. Wakafika katikati, mwanamke mmoja akasema "Oo, mama!" akarudisha mkono.

Katikati kulikuwa na joto kama tumbo la ng'ombe. Maganda yamegeuka manjano na kupasuka tangu nchani, yamefunua mbegu zake nyeusi, mengine yanateleza mkononi. Vanila iliyopasuka haina heshima sokoni. Haifungwi vitita, haipelekwi ng'ambo ikiwa ndefu na nyeusi kwenye makopo ya bati ya kung'aa. Inauzwa kwa wakamuaji, wanaoisaga pamoja na takataka.

Nilitaka Soazara anitukane. Ningepata la kujibu. Lakini Soazara aliketi kwenye kigoda akaanza kuchambua, nzima huku, iliyopasuka kule, na wote wakaketi wakamfuata. Hadi adhuhuri rundo la kule lilikuwa kubwa kuliko la huku.

Halafu akanyanyuka, akatia kidole kwenye maji. "Bado." Tukangoja. "Tia." Kapu likazama, naye akahesabu kimoyomoyo kama ahesabuvyo kila mwaka, midomo ikicheza bila sauti. "Toa." Mvuke ukapanda. Vanila ikafungwa moto moto kwenye mablanketi, ikaingizwa sandukuni itokwe na jasho. Tulifanya hivyo mpaka jua kuzama. Sikuwa na kazi ila kusimama. Hata kwenye kuni niliambiwa nakaa njiani.

Alipokuwa akinawa nilimwambia, "Dada, ningejua..."

"Ulijua," akasema. "Nilikuingiza mkono mwenyewe."

Ijumaa, 19 Julai

Hakuna.

Jumapili, 28 Julai

Vanila nzima imetoka rangi ya chokoleti. Nzuri sana. Chache sana. Nimekaa nikapiga hesabu kichwani mara nne: ikikauka yote salama, banda litavuka mwaka kwa kutambaa. Ganda hata moja halitakiwi kupotea.

Ijumaa, 2 Agosti

Jua. Tunatoa saa tatu, tunaingiza saa saba.

Jumamosi, 3 Agosti

Jua mpaka saa tano. Kisha rasharasha.

Jumatano, 14 Agosti

Vanila ilikuwa nje yote, imetandazwa juu ya mablanketi, uwanja mzima mweusi. Wingu likatokea baharini.

"Tuingize?" Soazara akauliza.

Nikatazama. Wingu la upande ule mara nyingi hupita. Ukiingiza ovyo unapoteza saa mbili za jua, na jua la Agosti kwetu ni la kuokoteza. Nikalamba kidole nikapima upepo.

"Baba Fenosoa, tuingize?"

"Subiri kidogo nilione linavyogeuka."

Akapiga makofi mara mbili. Wanawake wote kumi na wanne wakakunja mablanketi kwa pamoja, wakakimbia. Blanketi la mwisho lilikuwa mlangoni tone la kwanza lilipodondoka, na baada ya hapo ilinyesha mvua ya kubomoa.

Badala ya kushukuru nilifoka. Nilimwuliza mbele ya wote, "Nani mwenye banda hapa?"

"Mwenye banda ni wewe," akasema, anajikamua nywele. "Mwenye vanila ni jua. Mimi namsikiliza mwenye vanila."

Wakacheka. Nimekula peke yangu, wali na maji yaliyochemshwa kwenye ukoko wake, mboga sikuigusa. Ananidharau. Ameniokolea msimu na ananidharau, na siwezi kuyatenganisha hayo mawili.

Alhamisi, 15 Agosti

Uamuzi wa leo: kumwomba radhi. Nitafute wakati mzuri.

Jumatatu, 26 Agosti

Bado sijapata wakati mzuri.

Jumapili, 15 Septemba

Vanila imepanda vichanjani, ndani ya kivuli. Siku hizi ni za kugeuza na kunyoosha kwa vidole, ganda moja moja. Kazi hii naipenda. Hapa hakuna anayeniharakisha. Labda kosa langu ni kufikiri dunia yote ni kichanja.

Fenosoa kapiga simu. "Baba, umefikisha maamuzi mangapi?" Nikamsomea. Kamba, chumvi, kufukuza mbuzi wa jirani, kuhamisha kabati na kulirudisha. Akasema, "Baba, safari moja tu, fanya jambo kubwa papo hapo. Utaona halitakuua."

Jumanne, 8 Oktoba

Mvua siku ya sita. Nguo haikauki, unga unashika donge.

Jumatano, 9 Oktoba

Ukungu.

Nilifungua sanduku la pili, nikaona kama unga mweupe kwenye maganda matatu. Ukiyanusa, yananuka dawa ya hospitali. Kila aandaaye vanila anajua maana yake: ganda moja linaambukiza jirani yake, sanduku linaambukiza chumba. Nikamwita Soazara. Hayupo. Mara ya kwanza tangu Julai, ametoka bila kuaga.

Jirani yangu Tombozara, ambaye habari zote za mtaa humpitia puani, akaja na kikombe chake cha kahawa. "Unamtafuta dada yako? Nimemwona asubuhi kwa Velontsara. Ameingia mikono mitupu, akatoka na furushi kwapani. Mimi simo, lakini nimeona."

Alhamisi, 10 Oktoba

Uamuzi wa leo, saa moja na robo asubuhi: nimemfukuza Soazara.

Alikuwa anavuka mlango, nikamzuia hapo hapo. Nikamwambia ukungu umeingia kwangu na yeye anaingia kwa Velontsara, na mimi si mpumbavu. Nikamwambia asikanyage tena. Nilisema haraka, bila kukwama, kama mtu mwingine. Furushi lilikuwa mkononi mwake.

"Miaka arobaini na saba," akasema. "Marehemu baba yako asingenifanyia hivi bila kuniuliza neno moja. Wewe ambaye huulizi mara moja, unauliza mara kumi, leo hukuuliza hata moja?"

"Leo nimeamua."

"Haya." Akaliweka furushi kwenye kizingiti, akatengeneza lamba, shuka yake ya kujitanda, begani, akaenda. Hakugeuka. Wanawake wakarudi vichanjani bila kunitazama.

Nimempigia Fenosoa nikamweleza. Nilikuwa, nikiri, na fahari.

"Ulimuuliza alifuata nini kule?"

"Si uliniambia papo hapo?"

"Baba," akasema, "fungua hilo furushi."

Ndani kuna chupa mbili za spiriti kali na bunda la karatasi ya nta, kavu. Ndivyo vya kuokolea vanila yenye ukungu: unafuta kwa spiriti, unafunga upya. Mjini kote hamna, mvua imekata njia, na Velontsara peke yake ndiye mwenye akiba. Soazara aliuona ukungu kabla yangu. Alikwenda kumwomba mshindani wangu kwa ajili yangu, maana alijua mimi ningekwenda wiki ijayo.

Mungu wangu, nimefanya nini.

Ijumaa, 11 Oktoba

Uamuzi wa leo: kwenda kwake kuomba radhi. Lakini jeraha bado bichi. Nikienda leo ataona ninafuata mikono yake tu.

Jumamosi, 12 Oktoba

Tumefuta vanila kwa spiriti. Hakuna anayejua kiasi gani. Tunabahatisha.

Jumapili, 13 Oktoba

Leo ni kanisa, atakuwa na watu.

Jumanne, 15 Oktoba

Mwiko.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimekwenda. Nilivaa kofia nzuri na kubeba jogoo. Nilimkuta barazani anachagua mchele, na viatu vya kazi viko mlangoni, vipya, vina udongo mwekundu. Udongo huo uko uwanja mmoja tu, wa Velontsara.

Nikasema yote. Nilisema bila kujitetea, nikapiga goti, mtu mzima mimi, jogoo akipiga kelele kwapani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akitupa mawe ya mchele moja moja.

"Inuka, mdogo wangu. Sina hasira na wewe."

"Basi rudi."

"Ijumaa nilikaa hapa hapa nikakungoja. Niliwaambia wanangu, huyu atakuja, moyo wake haujaharibika. Jumamosi nikakungoja. Jumapili nikakupikia, chakula kikapoa. Jumatatu Velontsara alikuja mwenyewe, nikamwambia nipe mpaka kesho. Jumanne ukawa na mwiko wako." Akapuliza pumba. "Jumatano nilimpa mkono. Nami nikishatoa mkono, nimetoa."

"Ningekuja Jumatatu..."

"Jumatatu ningerudi nawe, na jogoo huyo ningembeba mimi."

Alininywesha kahawa. Ningependa anitupie mawe. Jogoo nilimwacha. Nililia njiani mpaka mbele ya watu, na sasa hivi bado nalia, na sioni haya.

Jumapili, 3 Novemba

Sanduku la nne. Nilinusa nikaona salama. Mwanamke wa pili akanusa akaona lina walakini. Nikasema tungoje siku mbili tuwe na hakika.

Jumanne, 5 Novemba

La nne limekwenda. La tano pia.

Jumatano, 20 Novemba

Velontsara amepeleka vanila yake bandarini. Imesifiwa, wanasema, mpaka na wageni. Mkono wa Soazara huo, ninaujua. Nilijaribu kumchukia nikashindwa. Yeye hakunipokonya kitu, kila alichopata mimi nilikiacha mezani.

Jumatano, 27 Novemba

Leo kaja Bi Ravaka, mnunuzi kutoka Antalaha, na lori. Hana maneno mengi. Alifungua sanduku la kwanza akanusa, akafunga. La pili hakulifunga hata, aligeuza uso.

"Baba Fenosoa, pole sana. Hii mimi siwezi kuipeleka kwa watu wa vitita." Nikaketi juu ya kigoda. "Lakini nina mkamuaji anataka mzigo wowote. Nitachukua yote, yenye ukungu na iliyopasuka. Si bei ya kufurahia. Itakufikisha Julai, banda litabaki lako, na hawa mama watapata chao leo. Ila niambie sasa hivi. Njia ya mlimani inafungwa saa sita kwa mvua, na nyuma yangu kuna banda jingine linaningoja."

Wanawake walikuwa wamekaa kando ya ukuta, wote kumi na wanne, wameacha kazi, wananitazama. Ilikuwa saa tano na nusu.

Nikamwambia anipe dakika kumi nikae na akili yangu. Akasema kumi, si zaidi. Nimeingia chumbani nikafungua daftari, niliandike jambo hili nilione vizuri. Nikiuza leo, banda linabaki. Lakini vanila nzima iliyobaki sanduku la kwanza, ikipata spiriti, ikipata jua wiki mbili, huenda akaja mwingine wa vitita. Lakini ukungu hausubiri. Lakini bei hiyo ni ya aibu, baba asingeipokea. Lakini baba asingefika hapa. Nikitazama pande zote jibu ni kuuza. Nafikiri ni kuuza. Ni kuuza.

Honi imepigwa mara moja. Ngoja nimalize mstari huu nitoke nikamwambie.

Honi ya pili. Nimefika mlangoni nikarudi kuchukua kofia, sikuiona, nikakaa tena kuandika kwamba sikuiona. Injini imewaka. Anageuza gari taratibu, bila shaka ananipa nafasi. Sasa sauti iko barabarani. Sasa iko kwenye daraja.

Dirishani naona wanawake wamesimama, wanakung'uta lamba zao na kukunja mablanketi. Wawili wameshika njia ya kwa Velontsara. Hakuna hata mmoja aliyekuja kuniuliza wafanye nini.